Vifimbo ishirini na vinne, kutoka Mombasa hadi Kericho

Jumatano: Mombasa hadi Makindu

Adhana ya alfajiri ilikuwa bado inalia nilipomkuta Fundi barazani kwake, kilemba cha buluu kimeshafungwa, gunia liko miguuni. Jina analo, lakini mtaani kwetu tangu nikiwa mtoto wa kukimbia pekupeku sijasikia akiitwa kitu kingine ila Fundi. Marehemu baba yangu alimfanyia kazi miaka kumi na minne katika karakana yake ya useremala. Kila Jumamosi, siku ya malipo, waligombana mpaka jirani wakatoka nje kusikiliza. Na kila Idi Fundi alikuja kwetu na tende, akaketi chini ukumbini pamoja nasi, akala wali wa nazi na mbaazi ambao mama alimpikia mbali kwa kuwa nyama hali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa."

Sikuwa nimechelewa. Ndivyo anavyosalimia.

Kazi aliyonipa ni kumpeleka Kericho kwa Probox yangu, tuifuate reli ya zamani, tusikimbie. Nilimwambia treni mpya itamfikisha Nairobi siku hiyo hiyo, akaniangalia kama niliyemwambia aruke dirishani. Ndani ya gunia mlikuwa na vifimbo vya kusukumia chapati ishirini na vitatu, vyote kavichonga mwenyewe kwa mvule wa mlango wa zamani uliovunjwa Mji wa Kale. Cha ishirini na nne kilikuwa kimefungwa kwa gazeti, hakikuingia guniani. Alikiweka mapajani na hapo kikakaa safari nzima. Alitaka kuvigawa katika majiko ya gurudwara za njiani, yaani nyumba za ibada za watu wake. Kwa nini vifimbo, nikamuuliza. Akasema pesa mtu yeyote anaweza kutoa.

Hapa Kenya Masingasinga tunawaita Makalasinga. Inasimuliwa kwamba neno lilitokana na Kala Singh, mfanyabiashara wa Nairobi ya mwanzo mwanzo, na wateja wakampachika jina lake kila aliyevaa kilemba kama chake. Nilimuuliza Fundi kama linamuudhi. Akasema kuna majina mabaya zaidi, na mengine alipewa na baba yangu.

Tuliacha vifimbo vinne Mombasa, tukavuka Makupa, tukaingia kwenye foleni ya malori ya Mariakani. Hapo ndipo alipoanza kusimulia habari za babu yake, seremala kutoka Punjabi aliyeandikishwa Lahore na kupakiwa melini Karachi aje kujenga reli. Kazi ya reli ilianza Mombasa mwaka 1896, na ikafika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu leo, mwaka 1901. Wahindi walioletwa kwa mkataba walikuwa karibu 32,000. Karibu 2,500 walikufa kwa homa, kuhara na ajali. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, na zaidi ya 6,000 wakabaki. Si wote waliokuwa Masingasinga, lakini waliokuwa na nyundo, randa na msumeno mikononi wengi wao walikuwa Masingasinga.

Pale Tsavo aliniambia nisimamishe gari. Hapakuwa na la kuona zaidi ya daraja na mto wenye maji kidogo. Mwaka 1898 simba wawili walivamia kambi za wajenzi hapo usiku kwa usiku, kwa miezi, hadi kazi ya daraja ikasimama. Mmoja wa waliochukuliwa ni jemadari aliyeitwa Ungan Singh. Simba alimtoa ndani ya hema. Fundi alishuka, akasimama kando ya barabara mikono kaifumbata, akasema maneno yake kwa Kipunjabi kama dakika mbili, malori yakimpita na kumrushia vumbi. Kisha akashindwa kupanda garini. Magoti. Nikalazimika kumzunguka na kumsukuma kwa nyuma, naye akinielekeza namna ya kusukuma.

Chai ya Mtito Andei ilikuwa ya moto na sukari nyingi, basi. Saa kumi na nusu jioni tukafika Makindu.

Alhamisi: Makindu

Kila anayesafiri barabara ya Mombasa na Nairobi anaijua Makindu, hata asiyewahi kuingia. Unapita kwa basi, unaona bendera ya rangi ya chungwa juu ya mlingoti mrefu, jirani yako anakwambia, "Pale kwa Makalasinga unakula bure." Nami nimeambiwa hivyo mara mia na sikuwahi kuingia. Nilidhani lazima iko namna. Bure gani isiyo na mahubiri mbele yake?

Hakuna mahubiri. Unavua viatu, unanawa, unafunika kichwa kwa kitambaa (mimi nilikuwa na kofia yangu ya kazi ya mkono, ikatosha), unaingia. Sigara na pombe haviingii. Yangu pakiti niliificha chini ya kiti cha gari jana jioni, na Fundi ambaye macho yake hayaoni hata kibao cha barabarani akasema, "Upande wa kushoto utaikalia."

Gurudwara hii ilijengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliokuwa wakifanya kazi relini, wakati Makindu ni kituo kikubwa. Wazee husimulia kwamba kabla ya jengo watu wa reli walikuwa wakikutana jioni chini ya mti kumtukuza Mungu, Masingasinga, Wahindu na Waislamu pamoja. Baadaye shughuli za reli zikahamia kwingine, wafanyakazi wakaondoka, mji ukapoa. Jengo likabaki. Wasafiri wa barabarani ndio waliolifufua, na leo jiko lake ni maarufu kuliko kituo chenyewe.

Usiku tulipewa chumba chenye vitanda viwili. Niliposimama kuswali isha, Fundi aliamka bila kuambiwa, akasogeza kiti na gunia lake kunipisha nafasi, akarudi kulala. Miaka aliyokaa Mombasa kibla anakijua kuliko baadhi ya wapangaji wangu.

Saa kumi na moja alfajiri akaniamsha. "Unaendesha gari vizuri," akasema, "sasa tuone kama mikono yako inajua kitu kingine."

Jikoni palikuwa na joto la kuni na gesi kwa pamoja na harufu ya tangawizi. Sufuria ya dengu ilikuwa na kimo cha mtoto wa chekechea. Kwenye meza ndefu ya bati mama mmoja wa Kikamba alikuwa akikata madonge ya unga bila kuangalia, kila donge sawa na mwenzake, akiyarusha mbele yake kama anayehesabu pesa. Fundi alimwaga vifimbo vinane mezani. Mama akachukua kimoja, akakibingirisha juu ya bati, akasikiliza. Kwa kweli alisikiliza, aliinamisha sikio.

"Hiki kimenyooka," akasema. Akajaribu cha pili. "Hiki pia." Cha tatu kikaruka kidogo. Akakiweka kando. "Hiki ni cha wageni wa Jumapili."

Fundi akauma mdomo. Sijawahi kuona mtu akimrudishia kazi yake na akanyamaza.

Baadaye nikajua wageni wa Jumapili ni akina nani. Ni familia zinazokuja kutoka Nairobi na Mombasa mwisho wa wiki, kujitolea: kumenya vitunguu, kupakua, kuosha sahani. Wenyewe huita seva, kutumika bila ujira wala kutaja jina lako. "Wengine ni madaktari," yule mama alinieleza, "wana majumba makubwa, lakini chapati zao zina umbo la ramani ya Kenya, mpaka Turkana imechomoza." Yeye ni mwajiriwa, halifichi hilo. Nikamuuliza kama haoni tofauti, wao kufanya kwa thawabu na yeye kwa mshahara. Akasema siku yake ya mapumziko huja hapo hapo na wanawe, huketi na wageni na kula, na siku hiyo daktari ndiye humletea maji. Akarudi kwenye madonge yake. Nilihisi nimeuliza swali la kijinga.

Nikasukuma chapati. Ya kwanza ilitoka Turkana, Wajir na sehemu ya Somalia.

Fundi hakuweza kusimama muda mrefu. Kijana mmoja alimletea kiti cha plastiki, akakataa. Akaletewa kreti ya soda iliyopinduliwa, akaikubali, kwa sababu kreti si kiti. Nilidhani ni ukaidi wa uzee tu. Kutoka hapo kretini alikuwa akinifundisha, sauti juu ya kelele za sufuria. Kwamba mlo huu huitwa langari, na ulianza kwa Guru Nanak, mwalimu wa kwanza wa dini yao, aliyezaliwa mwaka 1469. Kwamba Guru wa tatu, Amar Das, aliweka sharti: kwanza uketi safuni ule na wenzako, ndipo uonane naye. Husimuliwa kwamba hata Akbar, mfalme wa India, alipokuja aliketi chini na watu wa kawaida. Kwamba Mata Khivi, mke wa Guru wa pili, ametajwa kwa jina ndani ya Guru Granth Sahib kwa ajili ya jiko lake, kwa wali wa maziwa alioutia samli.

"Samli nyingi," akasema. "Haikuandikwa kidogo."

Nilipenda hilo. Kitabu kitakatifu kinachokumbuka samli.

Saa tatu mabasi yakaanza kusimama. Wakaingia watu wa kila namna: mama na watoto watatu waliokuwa wakirudi Machakos, madereva wawili wa lori Wasomali, Wazungu wa baiskeli wameungua shingo, polisi mmoja, mzee Mmasai na fimbo yake ambayo aliambiwa kwa adabu aiache mlangoni na akaiacha. Dengu, chapati, mboga, achari, chai. Hakuna aliyeulizwa dini wala kabila. Kuna kisanduku cha sadaka. Nilikiangalia kwa muda kuona nani anatia na nani hatii, halafu nikagundua kwamba mimi tu ndiye ninayeangalia.

Sisi wa jikoni tulikula mwisho, pale pale, Fundi juu ya kreti yake.

Jioni aliniita niende naye ukumbini. Kitabu kimewekwa juu ya jukwaa chini ya kitambaa cha dari, kinapepewa kama mfalme. Kwao ndicho Guru, tangu yule wa kumi, Gobind Singh, alipofariki mwaka 1708 bila kumweka mtu mwingine nyuma yake. Watu waliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Mimi sikuinama. Niliketi nyuma karibu na mlango, na hakuna aliyenigeukia. Fundi akanong'ona kwamba ndani ya kurasa zile 1,430 mna maneno ya Sheikh Farid, Mwislamu, walii wa Pakpattan. Guru Arjan aliyaweka humo alipokusanya kitabu mwaka 1604, pamoja na ya Kabir mfumaji na Ravidas mshona viatu. "Kwa hiyo mtu wenu yumo," akasema. "Wanaoinama wanamwinamia yeye pia."

Kisha wakagawa prasadi, unga na samli na sukari kwa vipimo sawa, moto bado, katika viganja vilivyokingwa. Ilipofika zamu yangu nikasita. "Ukitaka, kula," Fundi akasema. "Usipotaka, nipe mimi." Nikampa. Akala zote mbili, akalamba vidole.

Ijumaa: Makindu hadi Nairobi

Emali, Sultan Hamud, Salama. Kituo cha Sultan Hamud kilipewa jina la Sultani wa Unguja, jambo ambalo kwa mtu wa pwani huwa kama kukutana na jamaa mbali na nyumbani. Tuliingia Nairobi saa tano. Nikamshusha Fundi kwenye gurudwara ya kwanza na vifimbo vyake, mimi nikakimbilia msikiti wa Jamia kuwahi Ijumaa.

Niliporudi alikuwa amemaliza gurudwara mbili na amechoka. Ilibaki ya tatu, ambayo sitaitaja. Nikaegesha mbele ya lango lake. Akabaki ameketi.

"Peleka wewe," akasema, akanipa vifimbo vinne.

Nikapeleka. Walivipokea kwa furaha, wakataka kujua vimetoka kwa nani. Nikasema Mombasa. Nikarudi nikamkuta ameshika kile cha gazeti kwa mikono yote miwili.

Mtu wa nje akiona vilemba huona kitu kimoja. Nairobi kuna gurudwara za Singh Sabha, za Ramgarhia, za Wanamdhari na nyinginezo, na ingawa Mungu ni Waheguru yule yule na kitabu ni kile kile, kila moja ina kamati yake, uchaguzi wake na visa vyake. Ramgarhia ni watu wa ufundi: maseremala, wahunzi, waashi. Ndiko alikotoka Fundi. "Guru alituambia tuache matabaka," aliniambia tukiwa kwenye foleni ya Uhuru Highway. "Tukaacha. Isipokuwa Jumapili."

Akacheka peke yake, halafu akanisimulia.

Ana mdogo wake. Waliletwa duniani nyumba moja, wakajifunza randa moja. Miaka ya tisini mdogo alikuwa katika kamati ya ile gurudwara ya tatu, na Fundi akienda huko kila mwezi kwa kazi. Wazee wakaanza kulalamika magoti, na mdogo mtu akatoa rai kwamba ukumbi wa langari utiwe meza na viti. Fundi akapinga. Ukitia viti, alisema, baada ya mwaka kutakuwa na viti vyenye mito na viti visivyo na mito. Guru hakuweka watu chini kwa sababu alikosa mbao. Ubishi huo haukuwa wao peke yao: kule Kanada watu walipigana ndani ya gurudwara kwa sababu ya viti, na mwaka 1998 Akal Takht, mamlaka yao ya juu iliyoko Amritsar, ikatoa amri kwamba langari iliwe chini. Amri ilipofika Nairobi, Fundi alisimama katikati ya mkutano akaisoma kwa sauti mbele ya mdogo wake. Aliisoma mara mbili.

"Mara ya pili ya nini, mzee?"

Alikaa kimya mpaka tukapita Museum Hill.

"Ndiyo swali," akasema.

Mdogo akajiuzulu, akahamia Kericho. Miaka zaidi ya ishirini. Harusi zilifanyika, misiba ilifanyika. Kila mmoja aliketi upande wake. Na magoti, alisema akiyapiga kwa kile kifimbo, hayakujali nani alishinda.

Nilitaka kumwambia kitu. Sikupata. Nikamwonyesha barabara ya kwenda Kaloleni ya Nairobi kwa mbali ili kubadilisha mada, na ikawa bahati, maana huko ndiko Makhan Singh alikosimama Aprili 1950 na kudai hadharani uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Huyo Fundi anamwabudu, kama Singasinga anaruhusiwa kuabudu mtu. Mtoto wa seremala wa reli, mwanzilishi wa chama cha wafanyakazi cha 1935 kilichochukua Waafrika na Wahindi pamoja, akawekwa kizuizini tangu 1950 hadi 1961. Baba yangu, kumbe, ndiye aliyemsimulia Fundi habari zake kwa urefu. Walikuwa wakizibishania Jumamosi hizo hizo za malipo. "Alinidai nyongeza ya mshahara kwa jina la Makhan Singh," Fundi akasema. "Ningefanyaje? Nikampa."

Hilo nyumbani hatukuwahi kuambiwa.

Jumamosi: Nairobi hadi Kericho

Siku ya barabara. Ukungu juu ya Limuru, bonde likafunguka, Naivasha, Nakuru, mahindi ya kuchoma Salgaa. Vifimbo vilivyobaki vitatu na cha gazeti.

Kupanda Mau Summit Probox ilianza kuhema, na Fundi akaanza kunipa historia ya Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976, katika matope ambayo hata trekta lingelia. "Yeye alikuwa hapunguzi gia hapa," akasema. Nikamwambia yeye hakuwa amebeba seremala wa miaka sabini na tisa. Dakika kumi baadaye, karibu na Londiani, tukapata pancha, na mvua ya huko ambayo haibishi hodi ikatushukia. Vijana wawili wa bodaboda walisimama wakanisaidia. Fundi alitaka kuwalipa, wakakataa. Akawapa nusu ya chapati za Nairobi, hizo wakachukua.

Tuliingia Kericho jioni, chai pande zote mbili za barabara kijani kibichi imekatwa sawa kama iliyopigwa randa. Hayo ni maneno yake. Hakutaka tulale gurudwara. Tukalala gesti.

Jumapili: Kericho

Kericho kwa Masingasinga si mji mdogo. Hapa ndipo alipoishi na kufanya kazi Puran Singh, ambaye wafuasi wake mpaka leo wanamwita Baba wa Kericho. Alihamia Uingereza miaka ya 1970, na huko Birmingham akaanzisha Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha. Nishkam maana yake kutenda bila kutazamia kulipwa, si kwa pesa wala kwa sifa. Gurudwara ya hapa ni kubwa, nyeupe, na watu husafiri kutoka Uingereza na India kuja kusali. Asubuhi ile ukumbi ulijaa: vilemba vya kila rangi, mitandio, watoto wanaoteleza kwa soksi, na nyuma kabisa vijana wa Kipsigis waliokuja kwa ajili ya mlo na hawakuona haya kulisema.

Ibada ilikwenda na ngoma za tabla na nyimbo. Mwisho wote walisimama kwa dua iitwayo Ardas, ambayo humalizika kwa kuwaombea heri viumbe wote. Fundi alisimama kwa kuniegemea. Nilihisi kaukaza mkono wangu, nikafuata macho yake. Safu mbili mbele, mzee mwingine mwenye mgongo ule ule. Nasema mgongo kwa sababu sura sikuiona bado. Ungedhani mtu ameuchukua mgongo wa Fundi akauvisha koti jingine.

Nilidhani atakwenda kumsalimia. Akageuka akaenda jikoni na gunia lake.

Jikoni palikuwa na watu kama ishirini. Wanawake wanasukuma, wanaume wanageuza juu ya bapa refu la chuma, msichana mmoja anapaka samli kwa kitambaa. Fundi akatoa vile vitatu, akavigawa. Akabaki amesimama na gazeti mkononi. Sikumwona mdogo wake alipoingia. Nilisikia kelele zimepungua upande wa mlango. Alikuja moja kwa moja mezani, akachukua donge, akaliweka unga, akatazama huku na huku akitafuta kifimbo. Vyote vilikuwa na watu.

Fundi akavua gazeti. Hicho kilikuwa chembamba kuliko vingine, kimepakwa mafuta mpaka kinang'aa, na mwishoni mwa mshikio pamechongwa duara dogo. Akakiweka mezani katikati yao, bila kumpa mtu.

Mdogo akakichukua. Akakipima kwa kiganja. Akakiinua usawa wa jicho moja, kama seremala anavyotazama ubao.

"Kimezidi upande huu," akasema kwa Kiswahili. Sijui kwa nini Kiswahili. Labda Kipunjabi kingekuwa karibu mno.

"Hakijazidi."

"Kimezidi."

"Ni mkono wako unalalia."

Akasukuma. Chapati ikatoka mviringo kama sarafu. Akasukuma nyingine. Fundi akachukua kifimbo cha jirani aliyekwenda kunawa, akaanza na yeye, na kwa muda wa kama nusu saa sikusikia neno lingine kutoka kwao ila moja, "unga", na jingine, "sogea".

Ulipofika wakati wa kula tulikwenda ukumbini. Mikeka mirefu imetandikwa safu kwa safu. Ukutani kulikuwa na viti vichache kwa wasiojiweza, na kijana mwenye sinia alimwonyesha Fundi kimojawapo kwa heshima. Fundi akakiangalia kile kiti kwa muda mrefu. Mdogo wake naye alikuwa anakiangalia.

Wakashuka chini. Kwa vipande: kwanza mkono ukutani, kisha goti moja, kisha mguno, kisha la pili. Wote wawili, bega kwa bega, kwenye mkeka. Nami nikaketi kushoto kwa Fundi, na kulia kwa mdogo wake akaketi kijana wa Kipsigis aliyenisalimia "chamgei" na kunicheka nilivyojibu. Tukaletewa dengu, wali, chapati, mtindi, kachumbari. Mdogo akahamisha achari yake yote kwenye sahani ya Fundi bila kuuliza. Fundi akala.

Watu walimaliza, safu ikainuka, sahani zikakusanywa. Wale wawili wakabaki. Fundi akajaribu, akarudi chini. Mdogo akajaribu, hakufika hata pale alipofika kaka yake. Wakatazamana.

"Viti," mdogo akasema.

Fundi akaninyooshea mkono mmoja, akamwashiria yule kijana wa Kipsigis amshike mdogo wake.

"Nyamaza," akasema. "Vuteni."